Geuza kwanza, soma lebo, ndipo ushike bisibisi

Najua nimewatupa kama wiki tatu hivi. Msininunie, zilikuwa tesiti tatu mfululizo pamoja na kazi moja ya kundi ambayo kundi lenyewe lilikuwa mimi na mwenzangu mmoja, wengine sita waliandikwa majina tu. Yamepita.

Leo sina habari za kampasi. Nataka kuwasimulia kuhusu sahani ya mbegu za maboga ya mama yangu, halafu niseme jambo ambalo najua mafundi wengine hawatalipenda, na kaka yangu ndio kabisa.

Kwa wasiojua, kwetu ni Msanzi, wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa. Ni juu kwenye uwanda wa Ufipa, mwezi wa sita na wa saba unalala na koti. Hapa Iringa watu wanalalamika eti Mkwawa kuna baridi, mimi nacheka tu. Na kabla hamjaniuliza lile swali la kila siku, hapana, sina usafiri wa ungo. Jina lenyewe Sumbawanga kwa Kifipa maana yake ni kutupa uchawi, kwa hiyo jamani tuheshimiane.

Basi bwana, likizo iliyopita nilikuwa namsaidia mama kuchagua mbegu. Zile za maboga huwa anazianika dirishani kwenye kichombo cha plastiki cha rangi ya bluu iliyopauka, chenye matundu matundu ili mbegu zipate hewa. Kichombo hicho nimekiona tangu nikiwa darasa la pili, na sijawahi hata siku moja kukiangalia. Siku hiyo nikamwaga mbegu kwenye ungo (ule wa kupepetea, msianze), nikakigeuza ili nipanguse vumbi. Chini kuna lebo. Imechubuka upande mmoja lakini herufi zinasomeka. Sony. Volti. Halafu namba: DTL-H1102.

Wadau, nilikaa chini.

Niwaeleze mnielewe. Kila PS1 iliyouzwa dukani, tangu ile ya kwanza iliyotoka Japani Desemba 1994, ina namba inayoanza na SCPH. PS1 za mwanzo za Ulaya ni SCPH-1002, baadaye zikaja 5502, 7502, 9002, mpaka kale kadogo keupe SCPH-102. Tarakimu ya mwisho kwenye hizo za zamani inakuambia ilitengenezwa kwa ajili ya soko gani: 0 ni Japani, 1 ni Marekani, 2 ni Ulaya. Wengi wetu tumekaa vibandani miaka mingi tukicheza Winning Eleven na hatujawahi kugeuza mashine kusoma hiyo namba. Sisi tulikuwa tunajua moja tu, inasoma au haisomi.

Sasa DTL siyo ya dukani. Hizo Sony ilizitoa kwa kampuni zinazotengeneza gemu, ili wajaribishie kazi yao kabla haijaenda sokoni. Za bluu ni za majaribio. Za kijani, kama DTL-H1202, nazo ni za majaribio ila zilikuja baadaye. Na ukikuta PS1 nyeusi yenye DTL-H3000, 3001 au 3002, hiyo ni Net Yaroze, iliyotoka Japani mwaka 1996 na Ulaya mwaka 1997 kwa ajili ya watu wa kawaida wanaotaka kujifunza kuandika gemu zao wenyewe, na vyuo vingine vya Ulaya viliitumia kufundishia. PS1 za dukani ziliuzwa zaidi ya milioni 100 duniani. Hizi za rangi rangi ni tone tu kwenye bahari hiyo.

Na tone moja lilifika Msanzi. Mama analianikia mbegu.

Nikaanza kukumbuka. Kaka yangu alikuwa na kibanda cha gemu pale kijijini, mabati juu na pembeni, TV mbili za chogo na jenereta iliyokuwa inakohoa kuliko babu. Shilingi mia mechi moja. Alikuwa na mashine mbili, tukiziita Kijivu na Bluu. Bluu aliinunua Tunduma kwenye vifaa vya mitumba, akadhani kuna mtu kaipaka rangi. Kijivu ilikuwa na deko. Ilikuwa imefungwa chipu ili isome CD za kuchoma, na hata hivyo kuna siku ilikuwa inakataa. Bluu ilikuwa inakula kila kitu. CD ya kuchoma, CD ya Japani, CD imekwaruzwa na mtoto, yenyewe inasoma tu. Sisi watoto tulikuwa tunagombania kukaa kwenye Bluu. Kuna waliosema imefanyiwa dawa, teh teh teh.

Siku moja alikuja fundi kutoka mjini, akaifungua ili aone chipu yake imefungwaje. Akazungusha ubao huku na huku. Hakuna waya hata mmoja uliolehemiwa. Nakumbuka alivyosema, "Hawa chipu yao wameificha wapi?" Kaka akacheka, fundi akafunga, maisha yakaendelea.

Jibu la lile swali nimelipata mwaka wa pili chuoni. Ni fizikia tupu, tena tamu. CD halali ya PS1 ina siri kwenye sehemu yake ya mwanzo kabisa: njia ambayo leza inaifuata imetengenezwa ikiwa na mtikisiko mdogo, na ndani ya mtikisiko huo kuna herufi nne. SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Kompyuta yako ukiiambia ichome CD itanakili gemu lote, lakini huo mtikisiko haiwezi kuuandika. Mashine ya dukani isipouona inakataa. Chipu wanayofunga mafundi kazi yake ni kuidanganya mashine, inaitumia zile herufi nne kana kwamba zimesomwa kwenye diski. Mashine ya majaribio haiulizi habari hizo kabisa, kwa sababu mtengeneza gemu anachoma CD ya kujaribu kila siku, utamwekea kufuli la nini? Ndiyo maana fundi hakuona chipu. Haikuwepo. Alikuwa ameshika dalili mkononi, akairudishia kifuniko.

Halafu Bluu ikaanza kuugua. Sauti inakatika, picha ya mwanzo ya gemu inaruka ruka. Tukaanza kuisimamisha kiubavu, baadaye tukaigeuza miguu juu, na ikawa inacheza hivyo hivyo. Kila aliyecheza PS1 za zamani anaujua ugonjwa huu, tena si Msanzi tu, dunia nzima walikuwa wanazigeuza. Sababu yake ni kwamba kwenye matoleo ya mwanzo kitanda kinachobeba lensi ni cha plastiki kinachoteleza, na kiko karibu na sehemu ya umeme inayopata joto. Plastiki inalika, lensi inakaa upande, leza inapiga pembeni. Ukiigeuza, uzito unaiegemeza upande ambao haujalika. Dawa yake wala si kubwa: unainua pale palipolika kwa kipande chembamba cha plastiki, au unabadilisha kitanda chote cha lensi.

Mwezi huo huo Kijivu ikafa umeme. Mashine mbili wagonjwa, hela ya spea hakuna. Fundi akatoa uamuzi: sehemu ya umeme ya Bluu iende kwa Kijivu, na mota ya kuzungushia diski pia. Ubao wa Bluu ukabaki kwenye boksi la vyuma chakavu, ukaondoka na vyuma chakavu. Kifuniko cha juu sijui kilikwenda wapi. Cha chini mama akakiona kinafaa.

Hapa ndipo kwenye hoja yangu, nisikilizeni vizuri. Simlaumu fundi kwa kutoa spea. Mashine mbili mbovu ukitengeneza moja nzima umefanya kazi ya maana, na huko kwetu ndivyo vitu vinavyoishi. Ninachosema ni kwamba alichinja ng'ombe wa maziwa akamwacha wa nyama. Spea zile zile, kazi ile ile, zingeweza kwenda upande wa pili. Bluu ilikuwa inahitaji marekebisho kidogo kwenye kitanda cha lensi, basi. Tena kwa biashara ya kibanda Bluu ndiyo ilikuwa bora, haihitaji chipu, haichagui CD. Kwa hiyo msiniambie ni umaskini. Umaskini ulitulazimisha kubaki na mashine moja. Kubaki na ile mbaya hakuna aliyetulazimisha, ni kwamba kati ya watu wote walioishika, fundi, kaka, mimi na nusu ya vijana wa Msanzi, hakuna aliyeigeuza akasoma mstari mmoja.

Nilimwambia kaka hivyo hivyo, tukiwa tunakula. Akaniangalia sana. Akasema, "Mdogo wangu, hata ningejua, Msanzi hapa ningemwambia nani? Ile Kijivu ilifanya kazi miaka miwili tena. Wewe sare za shule ulivaa."

Sikuwa na jibu. Ni kweli nilivaa. Na daftari pia. Mota ya Bluu ilizunguka ndani ya Kijivu na ikaninunulia kalamu, sasa nimekuja chuo nimejifunza neno DTL halafu narudi nyumbani kumhoji. Hilo nimelikubali mbele yake na nalikubali hapa. Lakini bado nasema, kaka, Bluu ingezilipa hizo sare vile vile.

Kuna mtu atasema gemu ni gemu tu, kwani limepotea kanisa? Sawa. Ila mimi nimekulia sehemu ambayo wazee wetu walikuwa wanayeyusha chuma. Malungu, zile tanuru ndefu za udongo zinazovuta hewa zenyewe, karibu mita tatu kwenda juu. Ufipa ilisifika kwa kazi hiyo. Leo kijana wa rika langu mwambie akuonyeshe udongo upi unajengea ilungu, hajui, mimi mwenyewe sijui. Makala kuhusu uyeyushaji huo iliandikwa na mgeni, Greig, katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1937. Sisi tuliokuwa na kazi mikononi hatukuandika, tukadhani itakuwepo siku zote. Kwa hiyo mtu akiniambia ufundi wa vibandani haustahili daftari, namwangalia tu.

Na msidhani najitoa. Mwaka wa kwanza hapa hosteli niliua mashine ya mtu. Jamaa alileta PS1 ya kijivu aliyopewa na shangazi yake, safi kabisa, akaniambia haijawahi kuwashwa tangu ifike, nimwangalizie. Mimi kwa kujiamini nikachomeka waya kwenye soketi. Ikatoa mlio mdogo, pa! na harufu. Baada ya hapo ndipo nikaigeuza. SCPH-1000, mwisho sifuri, Japani, volti 100. Umeme wetu ni 230. Lebo ilikuwa imeandika kila kitu kwa herufi ambazo hata bibi angesoma. Nilimlipa kwa awamu tatu kutoka kwenye bumu, na chakula cha wiki hizo sitaki kukielezea.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, na nina daftari. Mashine ikifika mkononi kwangu haiwashwi. Naigeuza. Naandika namba nzima, volti, rangi ya boksi, kama skrubu zimeshafunguliwa au la. Napiga picha ya lebo, na nikiifungua napiga picha ya ubao kabla sijagusa. Natafuta waya za chipu. Kama mashine inasoma CD za kuchoma na chipu haionekani, nasimama hapo hapo, naangalia lebo upya. Na kama imetoka kwenye umeme muda si mrefu naiacha kwanza, maana kapasita kubwa ya upande wa umeme inabaki na chaji hata ukiwa umechomoa, na haitanii.

Jambo jingine ambalo linanikera kweli kweli ni ile tabia ya kuongeza nguvu ya lensi. Pembeni ya lensi kuna kiskrubu kidogo sana cha kurekebisha mkondo wa leza. Mashine ikianza kukataa diski, mafundi wengi wanakizungusha mara moja, diski inasoma, mteja anafurahi, analipa. Baada ya miezi michache leza imeungua kabisa na hapo hakuna dawa. Mara nyingi tatizo lilikuwa vumbi tu. Na vumbi la Ufipa la mwezi wa tisa mnalijua, linaingia hata kwenye ndoto. Pamba na spiriti, taratibu, bila kubonyeza. Ukilazimika kugusa kile kiskrubu, pima kwanza kwa mita uandike kilikuwa kwenye omu ngapi, ili uweze kukirudisha. Kuandika tena! Najua nimekuwa kasuku leo.

Siyo PS1 peke yake. PS2 nazo zipo zenye DTL-H chini badala ya SCPH, kwa nje zinafanana na za kawaida kabisa, nyeusi. Ipo na kubwa yake DTL-T10000, boksi zito linalofanana zaidi na kompyuta, nalo lina diski ngumu ndani. Xbox ya kwanza ya wajaribu gemu ilikuwa ya kijani inayoonyesha ndani, ingawa kuna ya dukani pia iliyotolewa kwa rangi kama hiyo, kwa hiyo rangi isikupe uhakika. Hizo zenye diski ngumu, tafadhali, mtu asije akaifuta ili aweke muvi. Nakili kwanza. Humo ndani panaweza kuwa na gemu ambalo halikuwahi kumalizika, na nakala nyingine hakuna. Na Xbox za zamani karibu zote, ya majaribio au ya dukani, zina kapasita moja ndogo ya saa ambayo ikizeeka inavuja na kula njia za ubao. Inatakiwa itolewe, hata kama mashine bado inawaka vizuri.

Sasa mtaniuliza haya yote yanahusiana nini na ualimu. Kwenye TP niliingia darasani na PS2 iliyokufa, kidato cha tatu, fizikia. Nikaiweka mezani, nikawaambia msiiguse, isomeni. Dakika kumi waligombana kuhusu lebo tu: volti hii, alama hii ya mkondo inamaanisha nini, wati zitakuwa ngapi, waya gani unaifaa. Msichana mmoja wa nyuma ambaye wiki nzima hakufungua mdomo ndiye alisema, "Mwalimu, hii tukichomeka hapa haiungui, imeandikwa 220 mpaka 240." Mwalimu mwenzangu mmoja alinivuta pembeni baadaye akasema ninaleta uhuni wa vibandani shuleni. Nikamjibu kwa heshima, maana ni mkubwa kwangu, kwamba hao wanafunzi vibandani wanakwenda hata nisipoleta. Afadhali waende wakijua kusoma.

Nitakapoajiriwa (tuombeane) nataka kila darasa langu liwe na boksi moja la mashine mfu. Gemu, redio, simu, chochote. Swali la kwanza la somo la umeme liwe hilo hilo, hii ni nini na umejuaje.

Kwa sasa naomba mnisaidie jambo moja. Mkirudi makwenu, angalieni juu ya kabati, chini ya kitanda, kwenye boksi la fundi wa mtaani, na kwenye vyombo vya mama. Mkiona PlayStation ya bluu, ya kijani au nyeusi ya umbo la zamani, au herufi DTL popote pale, msiwashe, msifungue, msiuze kwa kilo. Nipigieni picha ya lebo.

Ile ya kwetu nilitaka kuja nayo chuoni. Nilikwenda mpaka Matai nikamnunulia mama sahani mpya ya plastiki, nyekundu, nzuri. Akaishukuru, akaweka vitunguu. Nilipomwomba kile cha bluu akasema hiyo mpya haina matundu, mbegu zitaota ukungu, na msimu unakuja. Kwa hiyo nilipiga picha lebo, nikarudisha mbegu mwenyewe, nikakiweka pale pale dirishani.